Mwaka Tuliomchagua Benchi

Wiki iliyopita Kaka Godlisten alinipigia simu asubuhi, najaza maji kwenye birika, na kabla hata sijamaliza kumpa shikamoo akasema, "Manka, nitafutie mbwa. Awe mdogo." Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti ya mtu anayeagiza mbolea: mbwa, mdogo, wa kukaa ndani, na awe amefika kabla ya Krismasi. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Kaka Godlisten ni mtoto wa kwanza wa marehemu shangazi yangu Aikande. Ana miaka sabini na kitu sasa, amefiwa na mkewe, na tangu afunge biashara zake Dar es Salaam amerudi kuishi peke yake kwenye nyumba ya mama yake, kule Old Moshi, juu ya Kiboriloni. Ni yeye huyu huyu aliyewahi kusimama katikati ya sebule ya nyumba hiyo, kofia mkononi, akatangaza kwamba mbwa kulala ndani ni aibu ya ukoo mzima. "Unacheka nini?" aliniuliza kwenye simu. Nikamwambia sicheki, nakohoa. Nilipokata simu birika lilikuwa limefurika, na mimi nilikuwa nimesharudi kwenye ule mwaka, mwaka ambao nikiulizwa uliniumba vipi huwa naanza kueleza habari za mbwa, na watu hudhani natania.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na haraka na kila kitu. Ulikuwa mwaka ambao sabuni na sukari zilirudi madukani bila foleni, mitumba ikamwagwa Kiboriloni juu ya maturubai mpaka mtu akawa hajui aanzie wapi kuchagua, na kila kijana mwenye nauli alikuwa anashuka Dar kutafuta biashara. Mimi nilipandishwa mlimani. Mwezi wa tatu Shangazi Aikande aliteleza kwenye banda la ng'ombe akaumia nyonga, akalala pale kwenye majani tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, jirani yake Mama Manase alipokuja kuchukua maziwa akamkuta anaimba tenzi ili asisinzie. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mfupi, mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi. Wasichana wa kazi watatu walishamkimbia kwa miaka miwili, wote wakielekea Dar, na yeye hakuwalaumu. "Hata mimi ningenikimbia," alisema. Nikapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama migomba, na kazi ya kukata majani ya ng'ombe, kukamua, kupika, na kumsugua nyonga kwa dawa iliyonuka mpaka kwenye uji.

Pasaka Kaka Godlisten alikuja na gari lake la Pijo, akaleta redio ya kaseti na blanketi la Dubai. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za machalari, na ukuta wa mbao kati ya jiko na sebule haukuwahi kuficha neno la mtu yeyote. Nikamsikia anasema, "Mama, Krismasi nikija na gari, tunashuka wote. Hukai hapa peke yako tena." Shangazi akajibu kwamba hayuko peke yake, yuko na Manka. "Na Manka akiondoka?" Hapo kisu changu kikasimama. Nilikuwa nimeshaitwa chuo cha uuguzi, kuanza Januari, na barua ile niliifunga ndani ya kanga chini ya godoro na kuisoma kila siku kama Zaburi. Shangazi akasema taratibu, "Godi, Dar nilikaa siku tisa, miguu ikavimba. Na baba yako yuko hapa nje, chini ya migomba. Nani atamwamkia asubuhi?" Kaka alikuja jikoni, akachukua kipande cha nyama sufuriani, akanitazama, akasema bila ubaya wowote, "Ukikaa wewe, mama anakaa. Ukienda shule, mama anashuka. Fikiria." Nilifikiri kwa kweli. Nilifikiri mpaka ndizi zikaungua, na jioni hiyo nikamchukia yeye, nikamchukia Shangazi, nikajichukia na mimi.

Shangazi ndiye aliyelitoa lile wazo, siku ya tatu baada ya gari kuondoka, tukila kiburu, ndizi na maharage ya juzi yaliyopashwa. Alisema kukata majani na kukamua Mama Manase angeweza, kwa kugawana maziwa, walishazungumza. Alichokosa ni kitu kimoja. "Nataka kitu kinachopumua ndani ya nyumba," alisema. "Kitu cha kunifanya niamke na kufungua mlango. Mtu akikaa bila wa kumwamsha, nyonga inaganda, na moyo unafuata." Akanisimulia kwamba zamani, alipokuwa kazini kwenye hospitali ya misheni, alifanya kazi na sista mmoja mgeni aliyekuwa na kijibwa kidogo kilichokaa kwenye kapu chini ya meza, na kwamba yule sista, mkavu kuliko kuni, alikuwa akicheka na kile kijibwa tu. Nikamwambia, "Shangazi, si tutafute tu mbwa hapa kijijini?" Akanionyesha fimbo yake. Mbwa wa kijijini angemrukia kwa furaha mara moja tu, na hiyo mara moja ingetosha kumrudisha chini kwenye majani. Alitaka mbwa ambaye yeye mwenyewe angeweza kumbeba mkononi kama anavyobeba chungu. Nikahesabu kwa vidole. Miezi minane. Kama angepatikana mbwa, Januari ilikuwa yangu.

Kwa mambo ya wanyama tulikuwa na Bwana Mifugo, kijana mrefu wa serikali aliyepanda mlima kwa pikipiki kuchoma ng'ombe sindano, na ambaye hakuwahi kuulizwa swali la mbwa isipokuwa la kichaa. Alifurahi mpaka akavua kofia. Wiki iliyofuata akaleta kitabu chakavu chenye picha, tukakaa watatu kwenye kochi, vitambaa vya kufuma vikiteleza mgongoni, chai ikipoa. Sikujua dunia ina mbwa wengi hivyo. Kulikuwa na wa ukubwa wa panya buku, na waliosukwa nywele kama bibi harusi, na wenye nyuso zilizobonyea kama waligonga ukuta wakiwa wadogo. Bwana Mifugo alisoma Kiingereza halafu akatupa Kiswahili chake. Shangazi akauliza maswali yake, na ndipo nilipogundua kwamba anachagua mbwa kama mtu anavyochagua mtamba. "Mama yake ni mpole? Anakula kiasi gani? Miguu ya nyuma imesimama vipi? Baridi anaiweza?" Bwana Mifugo akacheka: "Mama, huyu si wa kukamuliwa." Shangazi akamjibu, "Mwanangu, mnyama ni mama yake. Nikimwona mama, hunidanganyi na mtoto." Kosa lile la Kichaga, la kumpima kila mnyama kwa kipimo cha ng'ombe, lilinichekesha siku hiyo. Nimeshachagua mbwa wanne maishani mwangu tangu hapo, na wote nimewachagua kwa kipimo hicho hicho.

Tukaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa Shanty Town, mtaa wa matajiri Moshi mjini, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyetukaribisha kwa chai ya maziwa na iliki. Mbwa wake alikuwa mweupe, wa Malta kwa maneno ya Bwana Mifugo, nywele zikiburutika sakafuni, na utepe mwekundu kichwani. Nilimpenda palepale. Nilitaka kumchukua na kukimbia naye. Shangazi akamshika, akampapasa, akauliza nywele zinachanwa mara ngapi. Kila siku, mama yule akasema, na kwa kitana cha chuma. Shangazi akashukuru vizuri, akamaliza chai. Nje akaniambia, "Huyo akipita kwenye migomba yangu mara moja, atarudi na kishona nguo cha kijiji kizima. Nitachana mbwa mpaka nife." Nilinuna njia nzima, na yeye akaninunulia andazi Kiboriloni ili ninyamaze.

Wa pili tulimfuata Bomang'ombe, siku ya mnada, jua linaunguza. Mtu mmoja alikuwa na mbwa wa uso bapa, macho makubwa, mzuri kwa namna ya kuchekesha, anakoroma akiwa macho. Shangazi alikaa kwenye jiwe, akamlaza yule mbwa mapajani, akaweka sikio lake kwenye mbavu zake katikati ya mbuzi na kelele zote zile, na watu wakaanza kujikusanya kuangalia bibi anayesikiliza mbwa. "Huyu ana pumu," akatangaza. Mwenye mbwa akaapa kwamba ndivyo walivyoumbwa, wote hukoroma hivyo. "Basi wote wana pumu," Shangazi akasema. "Nimeuguza pumu miaka thelathini, siianzi upya, tena kwenye mlima na baridi ya mwezi wa saba inakuja." Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumeingia mwezi wa sita, na kwenye mstari wa wanaofaa hapakuwa na hata mmoja.

Habari za wa tatu alizileta Bwana Mifugo mwenyewe, amesimamisha pikipiki katikati ya bustani ya mboga. Kwenye shamba moja la zamani la kahawa, upande wa Kibosho, kulikuwa na mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu, dashundi, uzao wa mbwa walioachwa na walowezi. Walitunzwa na mzee mtunza bustani, na jike mmoja alikuwa amezaa. "Si safi sana," alituonya. "Nadhani bibi yao alikuwa na siri zake." Siku hiyo niliamka kabla ya jogoo, nikapiga pasi gauni langu la kanisani. Yule mzee alitupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," Shangazi, Mlutheri wa damu, akajibu "Bwana asifiwe," wakatazamana, wakacheka, na kuanzia hapo wakaelewana. Shangazi alitaka kumwona mama kwanza. Jike lilitoka chini ya veranda, la kahawia, refu kama benchi la kanisani, likamnusa Shangazi kiatu, likakaa juu yake. Akalishika masikio, akafungua kinywa, akatazama meno na chuchu. "Mama ni mzima," akasema, na mimi nikaanza kuruka mguu mmoja hadi mwingine kama mtoto.

Watoto walikuwa wanne. Shangazi alikaa kwenye kigoda, akawaacha wachezee ncha ya kanga yake, halafu ghafla akaiachia fimbo ianguke kwenye saruji, paa! Wawili walikimbia chini ya veranda na hawakuonekana tena. Mmoja hakujali kabisa, aliendelea kung'ata kanga. Wa nne aliruka, akakimbia hatua kumi, akasimama, akageuka, akarudi taratibu na masikio yakiburutika, akainusa fimbo toka mwanzo hadi mwisho. "Huyu," Shangazi akasema. Nikamuuliza kwa nini si yule jasiri. Akaniambia, "Asiyeogopa kitu atavunjika kwenye mlima wangu. Anayekimbia moja kwa moja ataniacha kama wale wasichana. Mimi nataka anayeogopa halafu anarudi." Nimekaa wodini zaidi ya miaka thelathini, nimepokea wanafunzi wapya wa uuguzi kila mwaka, na sijawahi kupata kipimo bora kuliko hicho. Tulimbeba kwenye kapu la sokoni, kichwa kinachungulia kati ya maparachichi tuliyopewa, na kabla hatujafika nyumbani alishakuwa na jina: Benchi.

Bwana Mifugo alitukataza jambo moja tu, kumwachia apande na kushuka ngazi, maana migongo ile mirefu huharibika. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na ngazi tatu mbele. Nikachanganya saruji na mchanga mwenyewe, nikapiga mteremko pembeni ya ngazi, mbaya, umepinda, una alama za vidole vyangu mpaka leo. Wiki haikuisha nikamwona Shangazi naye anapita pale pale, polepole, nyuma ya Benchi, wala hashiki ukuta. Aliamka saa kumi na mbili kumfungulia. Alitembea naye hadi kwenye kaburi la mjomba, mumewe, na kurudi, kisha hadi kwa Mama Manase na kurudi, na kufikia Oktoba fimbo ilikuwa inabebwa tu kwa ajili ya heshima. Shingoni mwa Benchi alimfunga mkanda wa saa ya marehemu mjomba, ameurefusha kwa kipande cha ngozi. Wanawake wa kwaya walikuja kunywa chai, na kupitia ukuta ule ule wa mbao nikasikia mmoja akinong'ona, "Yuko kwenye kochi! Aikande amekuwa mzungu uzeeni." Mama Manase akamjibu, "Mwache. Mwaka jana ulimwona anacheka?" Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Niliitoa barua yangu chini ya godoro, nikaibandika ukutani.

Kwa hiyo fikiria Kaka Godlisten alipofika mkesha wa Krismasi, mchana, Pijo imejaa watoto na magodoro, kama Wachaga wote wanavyorudi, akaingia sebuleni na kumkuta Benchi amekaa kwenye kiti cha baba yake. Ndipo aliposema yale ya aibu ya ukoo. Shangazi akamweleza, akamwonyesha jinsi anavyotembea sasa bila fimbo. Kaka akasema, "Mama, mbwa si mtu. Tarehe mbili tunaondoka." Na Shangazi, mbele ya wakwe na wajukuu, akamwambia maneno ambayo mama hamwambii mwanawe: "Sikukuzaa uje unipangie kaburi." Kaka akatoka nje. Hakula machalari, hakunywa hata mbege, pombe ya ndizi ya kumkaribisha, na mimi nililala nimeitazama barua yangu ukutani nikijua kabisa kwamba nitaitoa.

Asubuhi, baada ya ibada, Shangazi aliniita. "Nenda mpakani ukanikatie jani la isale." Wasomaji wa mbali niwaambie tu kwamba isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani na makaburini, na kwetu mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, anakuomba msamaha au anakusihi, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Lakini mzazi hapeleki isale kwa mtoto aliyemzaa. Ni kumtwika mtoto mzigo asioweza kuubeba. Nikamwambia, "Shangazi, huwezi." Akalipokea jani, akalifunga fundo, akanitazama kwa yale macho. "Nani kakwambia naenda mimi?" Akainama, bila fimbo, akaliingiza jani kwenye mkanda wa saa shingoni mwa Benchi.

Wanaume walikuwa chini ya migomba, mbuzi ameshachinjwa, nyama inagawanywa kwa taratibu zake, na Kaka Godlisten amekaa na kipande cha ubavu mkononi ambacho hakukiuma. Benchi aliteremka kwenye mteremko wangu wa saruji, jani limesimama shingoni, likimzidi urefu. Akapita kwa huyu, akapita kwa yule, akaenda moja kwa moja hadi kwa Kaka, akakaa juu ya kiatu chake kama mama yake alivyokaa juu ya kiatu cha Shangazi. "Amemjua mwenye mji," mmoja akasema. "Amemjua mwenye nyama," mwingine akajibu, na kicheko kikalipuka, wote isipokuwa wawili. Kaka alikuwa analitazama jani. Na Meku, kaka mkubwa wa marehemu mjomba, mzee kuliko wote pale, aliweka kisu chini. "Godlisten," akasema, "isale halina miguu. Huletwa na aliyetumwa." Kaka akasema kwa sauti ndogo, "Meku, huyu ni mbwa." Mzee akamjibu, "Mjumbe hauawi, wala haulizwi miguu mingapi. Unalipokea au humpokei mama yako?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeishika fremu. Kaka akamwinua Benchi kwa mkono mmoja, kama chungu, akalitoa jani, akalitia mfuko wa shati, na machozi yakamtoka mbele ya wanaume wote wa ukoo. Akampa Benchi ubavu mzima. Akapanda hadi mlangoni, akasimama mbele ya Shangazi, akasema, "Mama, umenishinda. Kaa na mbwa wako." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe unangoja nini hapa? Si una shule Januari?" Nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe akaitika bandani, na nikamkumbatia Kaka Godlisten, na Mama Manase, na Bwana Mifugo aliyekuwa amekuja tu kula nyama. Shangazi aliishi na Benchi miaka kumi na mmoja. Walifariki mwaka mmoja, Benchi kwanza, yeye wa pili.

Nimempata mbwa wa Kaka. Nilikwenda kuona mama wanne kabla ya kumwona mtoto anayefaa, nikaangusha funguo zangu sakafuni, na huyu wa kahawia alikimbia, akasimama, akarudi. Juzi nilimpandisha Old Moshi kwenye kapu. Kaka alikuwa ananisubiri, akashuka kunipokea kwa ule mteremko wa saruji, akishika fimbo, kwa sababu ngazi haziwezi tena. Kwenye chai akaniambia kilichokuwepo. Watoto wake wanakuja Krismasi na gari kubwa. Wameshamtengenezea chumba Dar, chenye kiyoyozi. Wanasema hawezi kukaa hapa peke yake. Nikamwongezea chai. Yeye akamtoa mbwa kwenye kapu, akamweka mapajani, akafungua kinywa akatazama meno, akapapasa mgongo, miguu ya nyuma, masikio, kwa utaratibu ule ule. Mwisho akaizungushia shingo ile ndogo vidole viwili, akapima, akaniangalia.

"Manka," akasema, "shingo hii itabeba jani?"